Nilipasuliwa diski mgongoni na maumivu yamerudi: je, nitapasuliwa tena?

*"Daktari, mimi ni dereva wa matatu hapa Nairobi, natoa gari Kayole kwenda mjini. Nina miaka 41. Mwezi wa pili nilifanyiwa upasuaji wa diski kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Nilipozinduka, maumivu ya mguu wa kushoto yalikuwa yameisha, na kwa miezi sita nilikuwa mzima kabisa. Sasa ni wiki ya tatu tangu maumivu yaanze kurudi kwenye kalio na nyuma ya paja, hasa nikikaa kwenye usukani. Mguu una nguvu kama kawaida. Wenzangu stejini wananiambia mgongo ukishaguswa na kisu lazima urudi thieta. Mke wangu anasema nimejiletea mwenyewe kwa kuinua mtungi wa gesi. Kliniki moja niliyoenda waliangalia MRI mpya wakaniambia diski imetoka tena kidogo, nianze kutafuta pesa za kuwekewa skrubu. Navuta sigara, pakiti moja kwa siku mbili, na sukari yangu huwa juu. Nataka ukweli: ni nini kinachomfanya mtu apasuliwe tena, na mimi niko wapi katika hayo?"*

Ndugu yangu, pole kwa maumivu, na asante kwa kueleza bila kuficha, hata habari ya sigara. Nimekusikia hivi: unaogopa kwamba unarudi thieta, na kwamba umejirudisha mwenyewe. Kabla ya mengine yote, shika jambo hili. Maumivu kurudi ni kitu kimoja, kuhitaji upasuaji wa pili ni kitu kingine. Wengi hupatwa na la kwanza wasifike kwenye la pili.

Nianze na wenzako wa stejini. Kule Marekani kulifanywa utafiti mkubwa uitwao SPORT, uliowafuatilia watu waliopasuliwa diski ya kiuno kwa miaka 8. Katika wagonjwa 810, waliopasuliwa tena walikuwa 119, yaani kama 15%. Wengine wote hawakurudi. Nadhani najua kwa nini stejini hesabu inaonekana kinyume: aliyepasuliwa mara mbili husimuliwa na kila mtu, na aliyepona anarudi kazini, hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuumwa. Tena hao waliorudi hawakurudi kwa sababu moja. Kama 62% yao walirudi kwa kuwa diski ilitoka tena. Waliobaki walikuwa na tatizo lililotokana na upasuaji wenyewe au sababu nyingine, au ugonjwa mpya kabisa wa mgongo.

Sasa tuje kwenye diski yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu husema "nilitolewa diski". Hapana, diski yako bado ipo. Kilichotolewa ni kipande kilichokuwa kimechomoza na kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Diski ni mto ulio kati ya pingili mbili: nje una ukuta wa nyuzi ngumu, ndani una ute mzito. Wewe ni dereva, kwa hiyo fikiria tairi lililopasuka ubavuni. Kabla daktari hajakugusa, ukuta ulikuwa umeshapasuka na ute umeshatoka. Daktari huondoa kilichotoka, lakini tundu la ubavuni hubaki, na kulishona si kazi rahisi. Mwili wenyewe ndio unaoliziba kwa kovu.

Na mwili hulifanya hilo polepole mno. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula na hewa huifikia kwa kupenya taratibu kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake. Kidonda cha ngozi hufunga kwa wiki mbili, lakini ukuta wa diski huchukua miezi mingi, na kovu lake haliwi imara kama nyuzi za mwanzo. Katika kipindi hicho, ute uliobaki ndani unaweza kupata njia ile ile ukatoka tena. Ndiyo sababu hatari kubwa zaidi ya diski kurudi huwa katika mwaka wa kwanza au wa pili, si baada ya miaka ishirini.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza aliyekupasua ni hili: tundu lilikuwa kubwa kiasi gani? Mwaka 2003, Eugene Carragee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa wamewapanga kulingana na walichokiona wakati wa upasuaji. Waliokuwa na kipande kilichokatika na ufa mwembamba tu ukutani, diski ilirudi kwa takriban 1%. Waliokuwa na kipande pamoja na tundu pana ukutani, ilirudi kwa takriban 27%. Tazama tofauti hiyo. Ni upasuaji ule ule, mikono ile ile, lakini bahati mbili tofauti kabisa, na mgonjwa hana analoweza kusifiwa wala kulaumiwa kwalo.

Unaweza kujiuliza kwa nini basi daktari asikombe ute wote usibaki wa kutoka. Jambo hilo limejaribiwa. Ukikomba sana, diski hurudi mara chache zaidi, lakini mto unabaki mtupu, pingili zinakaribiana, na mgonjwa hulalamika zaidi maumivu ya kiuno chenyewe. Ukitoa kile kilicholegea tu, kiuno hubaki na afya zaidi lakini uwezekano wa diski kurudi huongezeka. Madaktari wengi leo, nami nikiwa mmoja wao, huchagua njia hii ya pili. Tunajua gharama yake, na mgonjwa anastahili kuambiwa kabla hajasaini karatasi.

Sasa ule mtungi wa gesi. Mtungi wa kilo 13 ukiwa umejaa hupita kilo 25 pamoja na chuma chake, na ningependa usiuinue peke yako ukiwa umeinama na kujipinda. Hata hivyo, siwezi kusema ndio uliokurudishia maumivu. Carragee huyo huyo, katika miaka ya 1990, aliwaruhusu wagonjwa wake warudi kazini mara tu walipojisikia kuweza, bila yale makatazo ya kuinama na kuinua vitu kwa miezi mitatu. Wengi walirudi ndani ya wiki chache, na diski hazikutoka tena kwa wingi kuliko ilivyozoeleka. Diski yenye tundu pana inaweza kutoka mtu akipiga chafya. Mwambie mama watoto hivyo, kwa upole. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona watu wanaogopa kuinama hata kufunga kamba za viatu mwaka mzima baada ya upasuaji. Misuli inanyong'onyea, kiuno kinakuwa kigumu, na maumivu yanayozaliwa na woga huo yanachukuliwa kuwa ni diski.

Uliuliza uko wapi katika mambo yanayoongeza hatari. Nitakujibu kwa ukweli, ingawa ukweli wenyewe hauendi mstari mmoja. Katika ule utafiti wa SPORT, wenye umri mkubwa walirudi thieta mara chache zaidi. Waliokuwa na udhaifu wa misuli ya mguu kabla ya upasuaji nao walirudi mara chache zaidi, pengine kwa kuwa kwao ilikuwa wazi mapema kwamba mshipa umebanwa na diski, si kitu kingine. Sigara, kisukari na unene havikuonekana kuongeza upasuaji wa pili katika utafiti huo. Lakini uchambuzi mwingine uliokusanya tafiti nyingi uliona kwamba wavutaji sigara na wenye kisukari hutokwa na diski tena zaidi kuliko wengine. Kuhusu unene, tafiti zinavutana.

Mimi nasimama wapi? Nasimama upande wa kuacha sigara, bila kusitasita. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na nimeshakueleza jinsi diski inavyokula kwa shida hata kwa mtu asiyevuta. Sukari ikikaa juu muda mrefu, inadhoofisha uponaji wa tishu na kuongeza hatari ya kidonda kupata maambukizi. Zaidi ya hayo, ukija kuwekewa skrubu siku moja, sigara ni miongoni mwa mambo yanayozuia mifupa kuungana. Unasema sukari "huwa juu" kana kwamba ni hali ya hewa. Nenda kapime HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ujue kama una kisukari. Katika yote uliyoniandikia, haya mawili ndiyo yaliyo mikononi mwako moja kwa moja.

Jingine ni usukani. Mtikisiko wa gari wa saa nyingi na kukaa ukiwa umejikunja huenda pamoja na maumivu ya kiuno kwa madereva, na matuta ya barabara zetu hayasaidii. Sikuambii uache kazi inayolisha watoto. Sogeza kiti karibu na pedali ili magoti yapinde na kiuno kiegemee, toa pochi kwenye mfuko wa nyuma, na gari likiwa kwenye foleni ya kupakia stejini shuka utembee badala ya kubaki umekaa. Kama kuna mwenzako wa kupokezana naye zamu kwa wiki hizi chache, kubali pesa ipungue kidogo. Ni nafuu kuliko kitanda cha hospitali.

Sasa nije kwenye maumivu ya leo, maana hapa ndipo uamuzi ulipo. Mgonjwa aliyepasuliwa akirudi kwangu na maumivu, swali langu la kwanza huwa: yalianza lini, na katikati ulipata nafuu? Ambaye hakupata nafuu hata siku moja, nafikiri kuna kipande kilichobaki, au ilipasuliwa sehemu isiyo sahihi, au chanzo hakikuwa diski tangu mwanzo. Aliyekuwa anaendelea vizuri, kisha ndani ya wiki chache akapata maumivu makali ya kiuno yanayomnyima usingizi, pengine na homa, namchunguza maambukizi ya diski siku hiyo hiyo kwa vipimo vya damu na picha. Aliyepata nafuu kwa miezi, kisha ghafla maumivu yale yale yakashuka tena hadi chini ya goti na mguuni, huyo ndiye ninayemshuku diski kurudi. Na yule ambaye yamemrudia polepole, nafikiria kovu kuuzunguka mshipa, njia ya mshipa kuwa nyembamba, au pingili kulegea.

Wewe ulipata miezi sita mizuri, na hilo linaelekeza kwenye diski. Lakini unasema maumivu yanaishia kwenye kalio na nyuma ya paja, na inaonekana yamekuja pole pole. Maumivu ya mshipa unaobanwa mara nyingi kwenye sehemu uliyopasuliwa kwa kawaida hushuka pembeni mwa mguu hadi juu ya unyayo, kuelekea kidole gumba. Maumivu yanayoishia juu ya goti yanaweza pia kutoka kwenye viungo vya kiuno, kwenye nyonga, au kwenye misuli iliyochoka. Kwa hiyo sina uhakika hata kidogo kwamba diski ndiyo inayokuuma, hata kama picha inaonyesha imetoka "kidogo".

Naomba uisome vizuri sehemu hii ya picha. Watafiti wa Uholanzi waliwapiga MRI wagonjwa wa diski mwaka mmoja baada ya matibabu, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kati ya waliokuwa wamepona vizuri, 35% bado walionyesha diski iliyotoka. Kati ya ambao hawakupona vizuri, ni 33%. Yaani picha haikuweza kutenganisha anayeumwa na asiyeumwa. Tena mahali palipopasuliwa hujaa kovu, na kovu na diski hufanana sana kwenye MRI ya kawaida. Ndiyo maana kwa mtu kama wewe huwa tunaomba MRI yenye sindano ya gadolini: kovu huchukua dawa na kung'aa, kipande cha diski haking'ai mwanzoni. Uliza kama yako ilikuwa ya namna hiyo. Kwa kuwa una wasiwasi wa sukari, figo zipimwe kwanza.

Tofauti hiyo ina uzito. Kipande cha diski kikiwa ndicho kinachobana mshipa, upasuaji wa pili hufanya kazi karibu sawa na wa kwanza. Kama tatizo ni kovu, kulikata mara nyingi kunaleta kovu jipya, na matokeo huwa duni. Mtu anaweza kupasuliwa vizuri kabisa kwa sababu isiyo yake.

Na skrubu? Kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma kuna mahali pake: pingili ikiwa imeteleza au inacheza, mfupa mwingi wa nyuma ukiwa umeondolewa, au diski ile ile ikitoka tena na tena. Diski ikirudi kwa mara ya kwanza, na pingili ziko imara, kwa kawaida inatosha kuondoa kipande tu, kama mara ya kwanza. Skrubu huongeza muda wa upasuaji, damu inayopotea na gharama, na pingili jirani hubeba mzigo wa ile iliyofungwa. Kliniki uliyoenda inaweza kuwa na sababu nzuri ambayo hukuelezwa. Basi waulize: pingili yangu inacheza? Mmeiona kwenye eksirei iliyopigwa nimeinama mbele na nimejinyoosha nyuma? Wakikosa jibu, tafuta daktari wa pili kabla ya kuuza chochote. Upasuaji wa pili pia hupita kwenye kovu, kwa hiyo uwezekano wa kutoboa utando unaofunika mishipa ya fahamu ni mkubwa kuliko mara ya kwanza. Mwulize daktari huyo waziwazi ana uzoefu gani wa migongo iliyokwisha kupasuliwa.

Kwa sasa, kwa mguu ulio na nguvu na maumivu ya wiki tatu, ningekupa angalau wiki sita za matibabu bila kisu. Mwili una uwezo wa kukila kipande cha diski kilichotoka, na vipande vikubwa vilivyokatika ndivyo hupungua zaidi. Tembea kila siku, mara fupi fupi, uongeze taratibu. Muone mtaalamu wa fiziotherapia aliyezoea watu waliopasuliwa mgongo, akuanzishie mazoezi ya misuli ya tumbo, mgongo na makalio. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa siku chache, lakini usizinunue dukani mwezi baada ya mwezi: huumiza tumbo na figo, na kwako wewe mwenye sukari figo ni za kulindwa. Maumivu yakishuka mguuni na kukuzidi, sindano ya steroidi karibu na mshipa inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa wakati mwili unafanya kazi yake, ila inaweza kupandisha sukari kwa siku chache, kwa hiyo mwambie daktari mapema. Na usimpe mtu yeyote kiuno chako akivunjevunje kwa kukunyonga na kukuruka mgongoni.

Kuna hali ambazo hazingoji wiki sita wala kesho asubuhi. Ukishindwa kukojoa, au mkojo na choo vikitoka bila wewe kujua. Ukihisi ganzi sehemu za siri na mahali unapokalia. Miguu yote miwili ikilegea, au unyayo ukianza kuburuzika huwezi kuuinua. Ukipata homa pamoja na maumivu makali ya kiuno. Ukiona lolote kati ya hayo, nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji wa mgongo au wa mishipa ya fahamu, kama Kenyatta, usiku huo huo. Usiendeshe mwenyewe. Mshipa unaofanya kazi ya kibofu ukibanwa, saa zinahesabika.

Nje ya dharura hizo, ningerudi kwenye upasuaji iwapo maumivu yanashuka mguuni kwa njia ya mshipa ule ule, picha inaonyesha diski mahali hapo hapo, daktari akikupima kwa mikono yake anakuta kinachokubaliana na picha, na matibabu ya wiki sita hadi kumi na mbili yameshindwa. Yote yakikutana, hakuna aibu wala mkosi kurudi. Moja likikosekana, subiri na uulize zaidi. Kuhusu malipo, SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo usitegemee ulichoambiwa ulipopasuliwa wala alicholipiwa jirani miaka iliyopita. Pitia ofisi ya bima ya hospitali upate jibu kwa maandishi kabla hujapangiwa tarehe.

Wiki hii, rudi hospitali uliyopasuliwa uombe nakala ya ripoti ya upasuaji, ile iliyoandikwa na daktari siku yenyewe. Ni haki yako. Ndani yake mara nyingi huwa kumeandikwa kipande kilikuwa cha namna gani na ukuta ulikuwaje. Chukua pia picha za MRI zote mbili, ya zamani na mpya, si karatasi za majibu peke yake. Andika kwenye kipande cha karatasi maumivu yanaanzia wapi, yanaishia wapi, na yanaanza baada ya kukaa kwa muda gani. Daktari yeyote mzuri wa mgongo, nikiwemo mimi, ataanza na karatasi hiyo kabla hajawasha taa ya kutazamia picha.